Kuondoka ni kuinuka: Kikaruk na mto wake

Bibi yangu alikuwa na neno moja lililonichanganya sana utotoni. Mtu mzima akiingia barazani na mimi nimekaa, bibi ananitazama halafu ananiambia, "Ondoka." Basi mi nashika njia naenda zangu uani, na yeye ananiita tena, "Njoo hapa mjukuu wangu, nani kakwambia uende? Ondoka, mwondokee mkubwa wako, umpe shikamoo." Kwa bibi, na kwa wazee wengi wa pwani wa umri wake, kuondoka maana yake ya kwanza ilikuwa kuinuka pale ulipokaa. Kwenda zako ni jambo la pili, linafuata baada ya kusimama.

Neno hili lilikaa kichwani mwangu miaka na miaka bila kulifikiria, mpaka nilipokutana na silabi moja ya lugha ya mbali kabisa, -sip, ya watu wanaoitwa Wakaruk, kule kaskazini mwa California karibu na mpaka wa Oregon. Silabi hii ikikaa mwishoni mwa kitenzi inasema kitu kimekwenda juu, lakini si juu yoyote, ni juu mpaka kimo cha mtu au chini ya hapo. Na silabi hiyohiyo ndo inatumika kusema watu wameanza safari. Nilikuwa nasoma usiku, kitandani, kwenye simu, nikainuka nikaketi, maana nilimsikia bibi kabisa.

Nilifika huko kwa njia ya samaki. Mwaka 2024 nilikuwa nafuatilia habari za mto Klamath, mto wa kama kilomita 410 unaotoka Oregon unakatiza California mpaka bahari ya Pasifiki, ambako mabwawa 4 ya umeme yalikuwa yanabomolewa, Copco 2 lilitangulia 2023 na mwaka uliofuata zikamalizwa Copco 1, Iron Gate na J.C. Boyle, na Marekani haijawahi kubomoa mabwawa kwa ukubwa ule. Copco 1 lilikuwepo tangu 1918. Watu wa mto ule, Wakaruk, Wayurok na jirani zao, waliidai kazi hii kwa muda mrefu sana, na wakazidi kuidai baada ya Septemba 2002, pale samoni kwa makumi ya maelfu walipokufa sehemu ya chini ya mto wakaoza kwenye kingo. Mi nimekulia Pangani, mji uliokaa mdomoni mwa mto, na habari ya samaki kufa mtoni siwezi kuisoma nikapita tu. Nikaanza kutafuta hawa Wakaruk ni kina nani, na kitu cha kwanza kunisimamisha kilikuwa jina lenyewe.

Káruk ni upande. Maana yake ni kule mto unakotoka, juu ya mto. Na yúruk ni kule mto unakokwenda, na hapo ndo lilipotoka jina la Wayurok, jirani zao wa chini ya mto, yaani kabila zima dunia inalijua kwa neno la lugha ya jirani yake linalosema tu "kule chini". Halafu kuna máruk, kupanda mlima ukiupa mto mgongo, na sáruk, kuteremka kuelekea mtoni. Na ithyáruk, ng'ambo. Ukitazama hayo maneno yote unaona mkia mmoja, -ruk, na kichwa kinachobadilika, na ukishayashika umeishika ramani yao yote. Kwenye mazungumzo yao ya kila siku dunia haikupimwa kwa kaskazini na kusini, ilipimwa kwa mto na mteremko.

Na ukiangalia ramani unaelewa kwa nini. Ukitoka Happy Camp mto unateremka kuelekea kusini, unapita Somes Bar, unapita Orleans, mji ambao Wakaruk wanauita Panámniik, unafika Weitchpec, pale unapokea maji ya mto Trinity halafu unageuka kabisa unaelekea kaskazini magharibi mpaka baharini. Kwa hiyo ukisema "twende kusini" utakuwa unateremka na mto siku mbili tatu halafu ghafla kusini inakupeleka porini milimani ambako huna shughuli. Ila ukisema yúruk hupotei hata usiku wa giza, sikio tu linakutosha, maji yanakwambia.

Sisi wa pwani hatuwezi kuona hili ni jambo geni. Kaskazini yetu ni kule inakotoka kaskazi, kusini ni kule inakotoka kusi, ni pepo za majahazi hizo, mabaharia walizitumia mpaka zikawa pande za dunia na leo mtoto wa shule Dodoma anaandika "kaskazini mwa Tanzania" bila kuona tanga lolote. Na ng'ambo ndo kabisaa. Pangani ukisema unakwenda ng'ambo, kila mtu anajua unapanda kivuko kwenda Bweni. Unguja kuna Ng'ambo ambayo mkono wa bahari uliokuwa unaitenga na Mji Mkongwe umeshafukiwa, unavuka kwa miguu tena barabarani, lakini jina limekataa kuhama.

Tofauti ni kwamba Wakaruk hawakuishia kwenye majina ya pande. Mto wameuingiza ndani ya kitenzi.

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe. Kwenye Kiswahili, mwelekeo mara nyingi uko kwenye mzizi wa kitenzi: panda, shuka, ingia, toka, vuka, zama. Namna ya kwenda tunaiongezea pembeni, "aliingia akitambaa", "alivuka kwa kuogelea", "katoka mbio". Na mahali tunapaweka kwenye nomino kwa kale ka -ni, motoni, majini, nyumbani. Kikaruk kinafanya kinyume. Mzizi unakwambia namna, kutupa, kuelea, kuruka, kutambaa, na mkia wa kitenzi ndo unakwambia njia, kimeingia wapi, kimetoka wapi, kimekuja au kimekwenda. Mikia ya namna hii iko zaidi ya 30. Kuna wa kuingia kwenye chombo, -ramnih. Kuna wa kuingia kwenye moto, -kirih, kwa hiyo chukua páath-, kutupa, weka mkia huo upate páathkirih, kutupa motoni, na hujautaja moto popote, kitenzi kimeshausema. Kuna wa kuingia kwenye maji. Kuna wa kuingia kinywani. Kuna wa kuporomoka kupita ukingo wa kitu. Kuna wa kupita ndani ya kitu kilicho kama bomba. Na kuna mkia, -vrath, wa kuingia kwenye nyumba ya kufukizia jasho peke yake, ile nyumba ya wanaume iliyochimbiwa nusu ardhini, ambamo walikaa, wakazungumza na wakalala.

Huu wa mwisho ulinikalia moyoni. Fikiria jamii ambayo nyumba fulani ina uzito kiasi kwamba kuingia humo hakuwezi kusemwa kwa mkia uleule wa kuingia nyumba ya kawaida. Nyumba ya kawaida ya familia ina wake, -furuk, na kutoka nje ni -rupuk. Kwenye hadithi zao utakutana na uvôonfuruk kila mara, "akaingia ndani", na uvôonupuk, "akatoka nje", ile r imemezwa hapo katikati. Mzizi wake ni wa kutambaa. Nilijiuliza kwa nini watu waingie nyumbani kwao wakitambaa, mpaka nilipoona picha za nyumba zao za zamani za mbao za mwerezi, mlango ni tundu la duara lililo chini karibu na ardhi, lazima uiname ujipenyeze. Mlango wa nyumba umebaki ndani ya kitenzi.

Wana hadithi ya moto, moto ulikuwa umefichwa na watu wa mbali huko juu, wanyama wakauiba wakapokezana njiani, na wa mwisho alikuwa chura, akautia kinywani akazama nao mtoni, wanaomfukuza wakabaki wanatazama maji, na yeye akaenda kuutema ng'ambo kwenye mierebi, ndo maana mzizi wa mwerebi ukipekechwa unatoa moto. Ukisoma hadithi ile ukiwa unajua habari ya mikia unaiona tofauti kabisa, kinywa, maji, ng'ambo, kila hatua ya chura ni mahali ambapo lugha ilishatengeneza njia.

Sasa mto. Kuna -roov, kwenda juu ya mto kutoka hapa nilipo. Kuna -varak, kuja huku nilipo kutoka juu ya mto. Hivi viwili havibadilishani, kimoja kinaniacha, kingine kinanijia. Sisi tuna kitu kama hicho kwenye leta na peleka, mtoto wa miaka mitatu tu hawezi kukwambia "peleka hapa", ila sisi tunacho kwenye vitenzi vichache na wao wanakisambaza kila mahali, kuna mkia wa kuja kutoka mlimani, kuna wa kuja kutoka ng'ambo ya maji. Thivruh- ni kuelea, na thivrúhvarak ni kuelea ukija huku na maji kutoka juu. Gogo linafanya hivyo. Na Pihnêefich, yaani koyote, yule mnyama wa jamii ya mbweha ambaye kwenye hadithi zao ana nafasi kama ya sungura kwenye zetu, naye yalimkuta, alifunga safari ndefu ya káruk kutafuta mali, akaishia ndani ya mto, na maji yakamteremsha mpaka kwao. Safari yote ile unaweza kuichora kwa mikia ya vitenzi tu bila kutaja mji hata mmoja.

Ndo nikafika kwenye -sip.

Kwenda juu na kushuka chini Kikaruk kinavigawa kwa kimo. Kuna -uraa, kupanda mpaka mbali juu, na mwenzake -unih, kushuka kutoka mbali juu. Na kuna -sip, kwenda juu mpaka kimo cha mtu au pungufu, na mwenzake -ish, kushuka kutoka kimo hicho. Embe likidondoka mtini kwa Kikaruk ungechukua -unih, kikombe kikidondoka mkononi ni -ish. Kuanguka ni ikyiv-, basi ikyívunih na ikyívish ni maanguko mawili tofauti, na daktari wa mifupa angefurahi kuambiwa mapema ni lipi. Kipimo ni mwili. Hakuna mita, hakuna futi, kuna mtu amesimama, na yeye ndo mpaka.

Ukichukua ule mzizi wa kutambaa ukaweka -sip unapata vôonsip, kuamka, kuinuka kutoka ulipolala. Mzizi wa kwenda ghafla, 'árih-, unakupa 'árihship, kurukia juu kutoka ulipokaa, na msije mkadhani nimekosea herufi, kwao s ikija baada ya i inalainika inakuwa sh, hata kama kuna konsonanti katikati, kwa hiyo -sip na -ship ni mtu mmoja. Halafu kuna ivyih-, kwenda, lakini kwenda kwa watu wengi, kwa sababu Kikaruk kina mizizi tofauti kabisa mtu akienda peke yake, wakienda wawili, na wakienda kundi. Weka kun- mbele, hiyo ni "wao". Kunivyíhuk, wamekuja huku. Kunivyíhma, wamefika kule. Na kunivyíhship.

Hii ya tatu kwenye tafsiri utaiona imeandikwa "wakaondoka", "wakaanza safari". Ukiifungua vipandevipande ni wao, kwenda wengi, juu mpaka kimo cha mtu. Wakainuka kwa kwenda. Nimeirudia mara nyingi kwa sauti, natembea nayo chumbani.

Wapo watakaosema hapa kuna viambishi viwili vilivyofanana sauti, kimoja cha kwenda juu na kingine cha kuanza. Mi naona ni kimoja, na ushahidi wangu ni wa barazani. Watu waliokaa wameuzunguka moto wakitaka kwenda mahali, kitu cha kwanza kuonekana si nyayo, ni vichwa vinapanda mpaka pale vichwa vya watu waliosimama vinapofikia. Hapo safari imeanza, hata kama hakuna aliyepiga hatua bado. Msimuliaji wa hadithi zetu naye hasemi "akaenda" hivi hivi, anasema "akainuka, akaenda". Tena angalia tunavyoanzisha mambo mengine, jua linachomoza, mbegu inachipuka, hasira zinampanda mtu, vita inazuka. Vyote vinatokea chini vinakuja juu. Na bibi aliposema ondoka alikuwa anasema kunivyíhship ya mtu mmoja, ile sehemu ya kusimama, akaiacha ile ya kwenda. Miaka ikapita sisi tukafanya kinyume chake, tukashika ya kwenda tukaiacha ya kusimama, leo ukimwambia kijana "ondoka" anajua umemfukuza. Imebaki kumwondokea mtu, na hiyo nayo siisikii sana siku hizi.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu watu wa lugha yenyewe walikubali kukaa chini na kuulizwa. Mwaka 1949 alifika kijana mmoja mwanafunzi, William Bright, akakaa na wazee akiwauliza neno baada ya neno, na sarufi yake ikatoka 1957. Wakaruk walimpa jina, Uhyanapatánvaanich, kijana mdogo muulizaji wa maneno. Alifariki 2006, na mwaka mmoja kabla ilitoka kamusi aliyoifanya pamoja na Susan Gehr, ambaye mwenyewe ni Mkaruk. Sasa hivi kamusi na hadithi ziko onlaini, bure, mahali panapoitwa Ararahih'urípih, na ndani ya jina hilo kuna neno la wavu, wavu wa kuvulia, mto tena. Unaandika mkia mmoja unaletewa sentensi zilizosemwa na vinywa vya watu miaka 70 iliyopita, nyingine zina sauti kabisa. Mimi mtu wa Pangani nikiwa nimelala naweza kufungua sentensi ya bibi wa watu wa Panámniik. Sijazoea bado.

Lakini wanaoizungumza tangu utotoni wamebaki wachache mno, wazee. Wachimba dhahabu walifika kwenye mto ule kuanzia 1850 na kitu na walikuja na bunduki, vijiji vikachomwa, halafu watoto wakapelekwa shule za bweni za serikali ambako kusema lugha ya nyumbani kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Sisi wengine tunaijua ile kibao ya kuvaa shingoni kwa kusema lugha ya mama, kwa hiyo sihitaji kueleza sana. Kilichofuata ndo kinanipa moyo, kuanzia miaka ya 1990 California ikawa na mpango wa mzee mmoja na mwanafunzi mmoja mtu mzima, mnakaa pamoja masaa mengi, mnapika, mnafua, mnatembea, na kwa lugha ya mzee tu, na Wakaruk wamo. Nafikiri kwa lugha kama hii hakuna njia nyingine inayofaa zaidi. Utajifunzaje -roov na -varak darasani, umekaa kwenye kiti, hakuna mto? Lazima mwalimu akae nawe pale mtoni, kitu kikipita akwambie kinakuja au kinakwenda.

Kuna mwanzo wa namna nyingine kwenye kitenzi chao na huu unakaa mbele. Íkyav ni kutengeneza. Weka p- ya kurudia mbele yake inakuwa píkyav, kutengeneza tena. Kila mwaka kiangazi kinapoisha wanafanya ibada ya kuitengeneza dunia upya, ithivthanéen, dunia yote, na inafanyika pale mtoni mahali maalumu, Inaam, Panámniik, na Ka'tim'îin karibu na maporomoko ya Ishi Pishi, ambapo wao wanapahesabu kuwa ndo kitovu cha dunia. Nilipoona picha za kuta za mabwawa zinatobolewa na maji ya tope yanapita, neno lililokuja kichwani mwangu lilikuwa píkyav, na baadaye nikakuta Wakaruk wenyewe walishalitumia neno hilo siku nyingi kwenye kazi zao za kurudisha msitu na mto.

Oktoba 2024, wiki chache tu baada ya kazi ya kubomoa kumalizika, samoni walionekana Oregon kwenye kijito cha juu kuliko mahali lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle, ambako samoni hawakuwa wamefika kwa zaidi ya miaka 100. Usiku ule nilifungua daftari langu la Kikaruk. Upande wa kushoto niliandika áama, samoni, na mbele yake -roov. Upande wa kulia niliandika maji na mbele yake -varak. Mto ni mmoja na saa ni ileile, samaki anapanda ananiacha, maji yanateremka yananijia. Halafu nikampigia mama simu nikamuuliza kama anakumbuka bibi alivyokuwa akisema ondoka, akacheka sana, akasema, "Mwanangu, mi mwenyewe nilichapwa kwa neno hilo."